Penye Gunia Ndipo Kwake

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Ulisimama mlangoni asubuhi, miguu umeibana. Ukatazama choo kule nyuma, ukamtazama mbwa wa jirani, kisha ukakojoa hapo hapo. Ulikuwa na miaka minne na nepi ulishaziacha kitambo. Hukulia. Uliniangalia tu kama mtu aliyeaibika.

Utayasoma haya ukiwa mkubwa, Akinyi. Mimi si mzee, lakini nasaha haingojei mvi, na hasira nayo huzeesha.

Tulikuwa tunakaa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Nyumba zetu hazikuwa na ukuta. Mpaka ulikuwa ni kamba ya nguo na mstari wa mkonge. Jirani yetu Ouko alinunua mawe kutoka mashimoni, akayaweka kwenye magunia yakingoja mashine ya kusaga. Mlinzi wa magunia alikuwa mbwa wake, Polisi, aliyelala juu ya magunia hayo tangu akiwa mtoto wa mbwa. Sasa magunia saba yalikuwa upande wetu, kando kabisa ya njia ya choo. Ukipita, Polisi ananguruma. Wiki hiyo hiyo alikuwa amekurarulia gauni.

Nikashika mchi wa kinu. "Leo utanijua!" Polisi akasimama juu ya gunia na hakurudi nyuma hata hatua.

"Weka mchi chini, nyathina, mwanangu." Alikuwa Dani Rusalia, bibi wa nyumba ya pili, karai lake la kuoshea mawe kichwani.

"Dani, huyu mbwa atanilia mtoto!"

"Mbwa yuko kwake."

"Kwake wapi? Hapa ni kwangu!"

"Na magunia ni ya nani?" Nikashusha mchi. "Polisi hajui mkonge wala kamba yako ya nguo. Anajua gunia. Penye gunia ndipo kwake. Sasa niambie, ni nani aliruhusu gunia la kwanza?"

Ni mimi, mwanangu. Wakati wa mvua upande wa Ouko ulijaa maji, akaja na tabasamu lake. "Shemeji, gunia moja tu, mvua ikikatika naliondoa." Nikasema sawa. Tena nilifurahi, nisikudanganye. Mbwa akilala pale, hakuna mwizi angegusa sufuria zangu. Nilijipatia askari wa bure. Lakini ukimpa mtu shubiri, huchukua pima. Mvua ikakatika, magunia yakawa matatu, yakawa saba, na mimi nikawa napita kwa mbwa kama mgeni kwangu mwenyewe.

Dani akatua karai, akanieleza. Magunia yarudi kwa mwenyewe. Mbwa afungwe kamba ndefu, azungushwe ndani ya mpaka wao asubuhi na jioni. Akivuka, avutwe: rudi. Akirudi, apewe dagaa wa omena. Chakula apewe mahali pamoja kila siku, juu ya gunia kuukuu ambalo halitahamishwa tena.

"Mbwa hafundishwi kwa mchi," akasema. "Anafundishwa kwa kurudishwa."

"Kwa siku ngapi, Dani?"

"Mpaka achoke kuuliza kwake ni wapi."

Sikungoja hata chai. Nilikuta Ouko akipiga mswaki, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akacheka mpaka povu likamdondoka kifuani.

"Yawa, Mama Akinyi! Niende na mbwa matembezi kama mzungu? Wewe mzoeshe mtoto tu. Watoto huzoea haraka."

"Nimzoeshe kukojoa mlangoni ndio mawe yako yalale vizuri?"

"Si nimesema nitaondoa."

"Ulisema wakati wa mvua, Ouko. Angalia juu. Unaona wingu?"

Akatema povu na kuingia ndani. Nilizunguka uani mara sijui ngapi, mchi nikiuangalia. Lakini nilijua nikimvunja Polisi mgongo, Ouko angeleta mbwa mwingine, na magunia yangebaki pale pale.

Basi sikia, mwanangu. Ogopa neno "moja tu." Anayekuomba nafasi ndogo muulize ataondoka lini, na siku hiyo ikifika, simama mlangoni. Usimpige aliyetumwa ukamwacha aliyemtuma. Na ukienda kushtaki, taja kosa lako wewe kwanza, asije mwingine akalitumia kukunyamazisha. Mungu akupe ua utakaoupita bila kuomba ruhusa, na sauti ya kuulinda.

Nilichana karatasi kwenye daftari, nikakubeba mgongoni mpaka ofisini kwa naibu wa chifu. Niliandika hivi:

*Kwa Naibu wa Chifu.*

*KUHUSU: MAGUNIA NA MBWA KATIKA UA WANGU*

*Mimi, Mama Akinyi, namshtaki jirani yangu Ouko. Magunia yake saba yako upande wangu na mbwa wake anayalinda dhidi ya mtoto wangu. Gunia la kwanza nilikubali mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nalitaja. Sita sikukubali. Naomba yaondolewe yote leo, na mwenye mbwa aagizwe kumfunga kamba na kumzungusha ndani ya mpaka wake kila siku mpaka aujue. Mbwa asipigwe wala asiuawe. Amefanya kazi aliyofundishwa.*

*Nimeambiwa mtoto wangu atazoea. Hatazoea. Anataka kwenda choo.*