Watu Walikaa Upande wa Mulima

Mwaka 1965, mimi nikiwa na miaka kumi na mbili, njo taabu ilianza kwetu. Juzi nilipita tena kwa miguu ile barabara ya kutoka Bihambwe kushuka Kashebere, nikafika kwenye kona ile, na rafiki yangu, nikuambie ukweli, hasira ilinipanda kama ni jana. Hakuna kitu pale tena. Majani tu, na matope.

Papa alikuwa na kamio. Usicheke. Wakati ule, mulimaji wa maharagi kuwa na kamio ilikuwa kitu. Muzungu mumoja wa shamba la kahawa aliiuza alipoondoka, na Papa alitoa ngombe zote za babu yangu ili aipate. Mama alilia. Chakula chetu, masomo yangu, vyote vilikuwa juu ya magurudumu yale. Tulikuwa tunashuka na maharagi mpaka Walikale, ndani ya pori, tunarudi na mapipa ya mawese na samaki wa kukaushwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese imechangana na mazutu ya injini, naona watu wamejaa juu ya magunia, wanaimba nyimbo za kanisa.

Sasa sikiliza. Kushuka, mulima uko kuume, shimo liko kushoto, na shimo lile huoni mwisho wake. Basi kila mutu alijisonga upande wa mulima. Wa kwanza alikuwa katekista wetu, mutu munene, na Biblia yake kwenye magoti. Kamio inalalia kuume, Papa anapigana na usukani kwa mikono miwili, jasho linamutoka.

“Papa katekista,” Papa akamwambia siku moja, “mbingu iko pande zote mbili. Sogea kushoto.”

“Wewe njo shofere,” katekista akajibu. “Mimi kazi yangu ni kuomba. Na naomba vizuri nikiwa huku.”

Watu wakacheka mpaka Kashebere. Papa hakuomba mara ya pili. Alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nimekirithi.

Tulipofika nyumbani akasema kamio njo yenye ugonjwa. Kazi ile ya kunyoosha magurudumu, vijana wa garaji leo wanaiita paralelisme, wako na mashini yake. Papa alikuwa na kamba. Akaivuta kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kuume, kisha akaipima upande wa kushoto. Zikawa sawa. Mutu mwingine angeacha pale. Yeye hapana. Akalegeza vyuma vinavyoshika ekseli ya mbele kwenye resori, zile springi za chini, akapiga nyundo mpaka gurudumu la kushoto likarudi nyuma kidogo, ili gari ivute kushoto na ishindane na uzito wa watu.

Mama alikuwa anachambua maharagi mbele ya nyumba. “Papa wa watoto, kamba imekuambia kamio iko sawa. Watu njo hawako sawa.”

“Wee Mama, pika. Kamba haimubebi katekista.”

Na kweli, kushuka kukawa raha. Gari ilinyooka, Papa akashika usukani kwa mukono mumoja, na kwa ule mwingine anakula ndizi ya kuchoma. Kashebere walimupigia makofi.

Lakini kurudi, mulima uko kushoto. Unaona? Watu wale wale wakahama na kuku zao, wakajipanga kushoto. Uzito kushoto, na ekseli nayo inavuta kushoto. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa juu ya mizigo, nikasikia Papa anapiga kelele dirishani: “Rudini kati! Rudini kati, nawaomba!” Hakuna aliyesogea. Katekista akaanzisha wimbo. Kwenye kona ile niliyokuambia, gurudumu likaingia mufereji, kamio ikalala kwenye ukuta wa mulima, polepole, kama ngombe iliyochoka. Mawese yakamwagika barabara nzima. Watu waliruka wote, wazima. Mukono wa Papa ulibaki ndani ya usukani, na usukani ulizunguka.

Wakaokota kuku zao, wakaenda. Jumapili, mbele ya kanisa zima, katekista akasema shofere alikuwa amekunywa. Papa alikuwa ameketi pale pale, mukono umefungwa na vijiti. Maisha yake yote hakuonja pombe. Hakuna mutu aliyesimama kusema neno.

Kamio ilikaa kwenye kona. Magurudumu yakaibiwa, kisha mbao, kisha vioo. Mulango wake niliukuta kwa jirani, amefungia mbuzi. Mukono wa Papa ulikauka, hata jembe alilishika kwa shida. Mimi nikaacha masomo, nikabeba maharagi ya watu mugongoni, kwa barabara ile ile.

Papa amekwisha kufa, Mama naye. Katekista alizikwa kwa heshima. Nyimbo zile juu ya magunia hazisikiki tena, na nazikosa, ijapokuwa waimbaji wake nawachukia mpaka leo.

Niko na nyumba ya mbao yenye mabati. Shamba la maharagi na muhogo. Ngombe. Mashini ya kusagia unga. Pikipiki, na sipakii mutu.