Njooni Mmefunga

Ottilia alizaliwa Litembo, kule milimani, akabatizwa Litembo, na lugha ya Kimatengo aliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Ungemwambia kwamba hataelewana lugha na watu wa milimani, angekucheka. Nyani haoni kundule.

Aliuguza wagonjwa miaka tisa kabla ya kurudi chuo kikuu kusomea uzamivu wa kisukari na maradhi ya moyo. Kwa ajili ya utafiti wake alipima sukari na presha za wafanyabiashara Waislamu wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, kisha, ilipoingia Kwaresima, za wakulima wa kahawa wa kwao Litembo. Agizo lilikuwa moja kote: "Njooni asubuhi mmefunga."

Majibu yalimshangaza. Sukari ya watu wa ziwani ilikuwa ya kawaida, ya milimani ilikuwa juu. Msimamizi wake, Profesa Wendelin, alifurahi mno kwenye simu, akasema huo ni ugunduzi. Ottilia akaanza kujiona amevaa joho.

Wiki ya mwisho ya Kwaresima alirudi kijijini kuthibitisha. Wa kwanza alikuwa Mama Bonifasia, mke wa katekista, ambaye wiki tatu nyuma Ottilia alimwambia ana kisukari.

"Shikamoo, mama. Umefunga?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefunga kabisa! Tangu Jumatano ya Majivu nyama sijaionja. Leo nimekunywa uji tu, wenye sukari kidogo, nipate nguvu ya kuja huku."

Kalamu ya Ottilia ikasimama. Nyumbani kwao walifunga hivyo hivyo, na uji wa asubuhi haukuwahi kuhesabiwa dhambi. Wale wa Mbamba Bay, ukiwaambia wafunge, hata maji hawagusi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. Alitoka nje, akampigia profesa, akamweleza yote.

"Basi sura nzima ya tasnifu imekwenda na maji," alisema Profesa. "Utachelewa mwaka, Ottilia."

"Najua, Profesa."

Roho ilimuuma, lakini alirudi ndani akamwomba Mama Bonifasia aje tena kesho, tumboni bila kitu, hata uji, hata chai. Kesho yake kipimo kilisoma tano nukta moja.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi, mama. Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya."

Mama Bonifasia alifanya ishara ya msalaba, akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Wiki tatu hizo alikuwa amekwisha kuwaita wanawe awagawie mashamba. Kisha akamtazama Ottilia usoni.

"Na wenzangu uliowaambia wanaumwa, wanajua?"

Usiku kucha Ottilia alikuwa amelilia sura ya tasnifu yake tu. Alifungua daftari akawahesabu: watu sitini na mmoja. Akafunga mkoba wa vipimo, akaita bodaboda, akaanza na nyumba ya jirani, kuwaambia wapimwe upya.