Mkono wa Mama Mapipa

Watu wa ile ofisi ya kukodi meza walimwita mfagizi wao Mama Mapipa, na wengine walicheka wakimwita hivyo. Wasomi watupu: wahasibu, wachora ramani, mtafsiri wa mikataba. Lakini hakuna aliyeweza kusoma maneno matatu yaliyoandikwa kwenye mapipa kwa herufi kubwa: KARATASI, PLASTIKI, MABAKI. Kila kitu kilitupwa kwenye pipa lililo karibu na mguu. Majani ya chai juu ya karatasi, maganda ya ndizi ndani ya chupa ya maji, sijui waliyaingizaje.

Kwa miaka minne, kila asubuhi kabla hawajafika, alimwaga mapipa juu ya turubai nyuma ya jengo, akatenganisha taka kwa mkono. Wao waliona magunia safi, basi. Meneja aliwatembeza wageni akijigamba, "Hapa tunatenganisha taka!" Tunatenganisha! Yeye na nani?

Jumatatu moja, glasi iliyovunjika, iliyoviringishwa kwenye karatasi, ilimpasua kiganja. Akashonwa nyuzi sita na kuambiwa apumzike siku tatu. Binti yake, fundi cherehani, alimfulia nguo siku zote hizo huku akifoka.

"Mama, hao wana mikono miwili miwili. Wewe umebaki na mmoja."

Aliporudi Alhamisi, meneja alikuwa akimsubiri mlangoni, amevuta mdomo. Jana yake gari la taka lilikuja likagoma kubeba, kwa sababu kila gunia lilikuwa mchanganyiko.

"Mama, umeniaibisha. Gari linarudi leo saa nane. Wakikataa tena, natafuta mtu mwingine."

Hata pole hakumpa! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Miaka minne, leo ndiyo ameaibisha? Alikwenda nyuma, akaburuta gunia la karatasi kwa mkono mzima mpaka chumba cha mikutano, akalimwaga juu ya meza ndefu, mbele ya watu na kompyuta zao. Mhasibu mmoja aliruka na kiti chake.

Kisha akatoa mfukoni kile alichokitunza tangu Jumatatu, akakiweka juu ya lile rundo. Vilikuwa vipande vya kikombe cha glasi chenye mstari wa dhahabu, na ofisi nzima kikombe cha namna hiyo alikuwa nacho mtu mmoja tu. Karatasi vilimoviringishwa ilikuwa tangazo la meneja mwenyewe, nakala iliyotupwa kwa kuchapwa kombo: TENGANISHA TAKA ZAKO. Damu ilikuwa imekaukia pembeni.

Meneja, aliyekuwa amemfuata mpaka humo, alikitazama kikombe chake, akatazama bandeji.

"Sikujua kama kuna mtu anaingiza mkono mule," alisema.

"Sasa ulidhani zinatenganishwa na nani, mwanangu?"

Hakuna aliyecheka. Mama Mapipa alichomoa glavu zake kiunoni alikozichomeka, akamsukumia.

"Vaa. Saa nane si mbali."

Meneja alizivaa. Ya kulia ilikuwa imechanika kiganjani, na ngozi ya kiganja chake ikaonekana.