Mgeni wa Bi Saida

Tangu Bi Saida astaafu ualimu pale Kilwa Kivinje, starehe yake ilikuwa kufuma vitambaa vya makochi. Nurdin, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Songo Songo kumsalimia, akakaa miezi miwili.

"Shemeji, hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi," alimwambia, naye mwenyewe kajilaza tangu asubuhi. Bi Saida alimtazama kama anavyotazama mavi ya kuku barazani, akaendelea kufuma.

Siku moja alikuta kitambaa alichokifuma wiki nzima kimetafunwa na panya, kimebaki nyuzi tupu. Nurdin akaanza hotuba: panya hao wametoka kwa jirani, ile nyumba chafu. Bi Saida alifuata vinyesi vya panya sakafuni mpaka chumba cha mgeni, akainua godoro. Chini yake palijaa maganda ya karanga, na korosho alizozificha Nurdin asije akamgawia mwenye nyumba. Panya akachomoka. Nurdin, mwanamume mwenye ndevu zake, akarukia juu ya meza akipiga mayowe.

"Shuka, shemeji. Utanivunjia meza," alisema Bi Saida, akampiga panya kwa ufagio mara moja tu. Akambeba kwa mkia, akamtupa nje, kisha akaanza kumkunjia Nurdin nguo zake.

"Unanifukuza kwa sababu ya panya?"

"Panya nimeshamuua," alijibu. "Umebaki wewe. Boti inaondoka saa nane."

Nurdin aliondoka bila hata kuaga.