Nilichora vichwa miaka minne, mbuzi wa Kambi Muru akanifundisha miguu

Wakuu, niaje.

Leo nina furaha mpaka nimekosa pa kuiweka, kwa hivyo mtanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Kambi Muru, Kibera. Nikiongeza chumvi hata kidogo, admin afunge uzi.

Kwa miaka minne nimekuwa nikichora kuta za kinyozi kule Kawangware. Mnajua zile picha za vichwa ambazo hakuna mteja amewahi kutoka akifanana nazo? Nyingi ni mkono wangu.

Mimi ni fundi wa vichwa. Kuanzia shingo kwenda chini sikuwa na habari. Kwani nani huenda kinyozi kunyolewa magoti?

Mwaka jana nikaanza kuchora kwa simu, kwa kidole, na app ya bure. Utamu wake ni kwamba ukikosea unafuta. Ukutani ukikosea, kichwa kinabaki na jicho moja juu mpaka mwenye duka ahame.

Siku moja Njeri, dada mwenye studio ndogo ya katuni hapo Kawangware, akasimama mbele ya ukuta wangu. Akaniuliza kama najua animation.

Nikasema najua. Wakuu, sikuwa najua.

Akanipa test: nibuni character wangu mwenyewe, nimfanye atembee sekunde nane, nilete Ijumaa. Nikipita, napata kiti studio na tablet ya kuchorea. Hiyo nafasi niliitaka sana.

Character sikumtafuta mbali. Mama Atieno anauza mboga za sukuma nje ya ploti yetu, na uso wake una raha kuuchora. Kichwa nilikimaliza haraka sana.

Nikafika miguuni, nikakwama. Kila nikimtembeza anateleza tu, kama friji inasukumwa.

Ndipo nikashtuka. Miaka yote hiyo, sijawahi kumwona Mama Atieno akitembea! Tukitoka asubuhi ameshaketi anakatakata sukuma, tukirudi bado ameketi.

Alhamisi nikamwendea.

"Mathe, naomba utembee kidogo nikurekodi na simu."

"Nitembee niende wapi?"

"Hapo tu kwa bomba, alafu urudi."

"Na sukuma itauzwa na nani? Hiyo simu yako?"

Nilimbembeleza mpaka akainuka. Akafunga leso vizuri, akaanza kutembea wima, polepole, kama anapeleka sadaka mbele ya kanisa. Wateja wakampigia makofi. Mimi moyoni nalia, kwa sababu hakuna mtu hutembea hivyo akienda bombani.

Na meza ya sukuma sasa imebaki bila mtu. Mbuzi wa jirani akaona nafasi yake.

"Woi! Mbuzi! Sukuma yangu!"

Wakuu, huyo mama alikimbia! Bega moja mbele, leso ameikunja kwa mkono mmoja, ndara moja imebaki kwa matope na yeye hana habari. Mbuzi akatoroka na fungu zima mdomoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini simu sikuiachilia.

Usiku kucha nikachora mbio hizo frame moja moja, picha kwa picha, mpaka ile ndara.

Ijumaa Njeri akaangalia mara moja, akaita wenzake wote waje waone. Walisema mambo mengi lakini mimi nilisikia moja tu: "Unaanza Jumatatu." Nilitembea kutoka Kawangware mpaka Kibera na sikumbuki njia.

Sasa ikabaki kumwonyesha mwenyewe. Hapo niliogopa kuliko hata test, maana nilikuwa nimemfanya kichekesho.

Leo asubuhi nikampa simu. Akaangalia mpaka mwisho. Mimi nishaanza kurudi nyuma.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya nne alikuwa anacheka huku anafuta macho na leso. "Mimi nilijua hii miguu imeisha hapa kwa kiti," akaniambia. "Kumbe bado iko!"

Nilichojifunza ni hiki: mtu ukimwambia atembee, atakuonyesha heshima zake. Ngoja akusahau, ndio utamwona.

Nanyi tuambiane hapa chini, ni nani mnamsalimia kila siku na hamjui anavyotembea? Wachoraji wenzangu, nikosoeni pia, sitakasirika wiki hii.

Mama Atieno ana lalamiko moja tu. Anataka nichore upya, na safari hii amshike huyo mbuzi.