Bendera Iliyokwama Katikati

Mhudumu wa posta alichoka kuulizwa nani amekufa. Wiki ya pili sasa kamba ya mlingoti imekwama, na bendera anayoipandisha kila asubuhi tangu mumewe mwanajeshi afie vitani inaishia katikati, kama ya msiba.

"Fundi atakuja kesho, mama," mkuu wa posta alimwambia tena.

"Kesho yako haifiki, mwanangu? Mume wangu hakufia nusu ya bendera!"

Akajifunga kibwebwe, akaegemeza ngazi kwenye mlingoti, akapanda huku akimwomba Mungu.

"Mama, shuka! Utavunjika!"

"Basi njoo ushike ngazi, badala ya kushika kiuno."

Mkuu akashika, akinung'unika. Kule juu mama akaitikisa kamba, ikakwamuka. Akashuka, akaivuta bendera mpaka juu kabisa.