Bwana Afya na Sharubati ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilikuwa napita mtaa mmoja wa Grand Prairie, nimetoka zamu ya usiku, macho mazito kwa usingizi, mara nikaona meza ya plastiki kando ya njia. Nyuma yake walikaa watoto wawili, mbele yao jagi la maji ya limau na barafu. Nikasimamisha gari. Unanijua nilivyo, jambo halinipiti bila kuuliza. Nikawauliza kama wana kibali. Mkubwa akanijibu, kwa ile sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kijinga, kwamba siku hizi Texas mtoto hahitaji kibali kuuza limau. Na kweli, sheria ilishabadilishwa. Wabunge wa jimbo walikaa kitako wakajadili limau. Nikanunua vikombe viwili, nikavinywa vyote ndani ya gari, na Mesquite, mji wa utoto wangu, ukanirudia mzima mzima.

Tuliishi Mesquite miaka ya tisini, kwenye mtaa wa nyumba za matofali zilizofanana. Asubuhi milango ya gereji ilipanda, magari yakatoka. Jioni ilipanda tena, magari yakaingia, milango ikashuka. Katikati hapo hukuona binadamu. Ulisikia nyenze mitini na mitambo ya kupoza hewa ikinguruma nyuma ya kila nyumba. Baba alikuwa mhasibu, Mama nesi, na mimi kiangazi kizima nilizubaa mbele ya televisheni.

Ndipo akaja Bibi, mama yake Baba, kutoka Tanga. Baba alihangaika miaka mingi kumpatia viza. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na tukalala chumba kimoja, kikanukia udi na mafuta ya nazi. Nilimpenda mara moja. Ila mtaa wetu ulimshinda. Alikaa kibarazani, kanga kichwani, akingoja mtu apite waamkiane, na mtu hapiti.

"Mke mwenzangu," akaniuliza siku moja, "hivi majirani zenu wazima?"

Mwezi wa kwanza haujaisha, akamwambia Baba amtafutie tiketi ya kurudi. Baba akambembeleza kama mtoto. Mimi nililia chooni, maana nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani.

Wazo la meza lilitoka kwenye televisheni, nilikoona watoto wakiuza limau na watu wazima wakisimama kununua. Nilipomweleza Bibi, akaketi sawasawa. Wanasimama? Wanaongea? Nikamwambia wanasimama. Hakungoja zaidi. Tukaenda duka la Wameksiko, tukarudi na mfuko wa ndimu, na jikoni kukaanza kazi. Mimi nilikamua, yeye akachuja kwa kitambaa cheupe, akatia sukari, iliki aliyokuja nayo kutoka Tanga na chembe ya chumvi. Vidole vyangu viliwasha mpaka usiku. Sharubati ile, ndugu yangu, ukiionja ulifumba macho.

Mama hakupenda. "Mtatuletea kesi nyie. Watu wataturipoti."

"Mama, it's just juice!" nikamjibu.

Tukaweka meza kando ya njia, na magari yalisimama kweli. Dereva wa gari la barua alisimama, wakata majani wakasimama, na mwanamke mmoja akarudi na watoto wake. Bibi hakujua neno la Kiingereza, lakini kila mmoja alimwamkia, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, nami nikatafsiri. Habari ya tiketi ikaisha.

Halafu mchana mmoja likaja gari jeupe lenye nembo ya jiji. Akashuka bwana afya, kijana mwekundu kwa jua, jasho likimtiririka. Akaeleza kwa upole kwamba jirani amepiga simu. Kinywaji kilichotengenezwa jikoni kwa mtu hakiuzwi bila kibali, na jikoni penyewe sharti pakaguliwe. Nikamuuliza kuna nini ndani ya ndimu kinachoitisha serikali. Akafikiri, akasema yeye mwenyewe hajui, ila sheria haichagui ndimu.

Bibi alikuwa ameshammiminia. "Mwambie anywe kwanza, maneno baadaye."

Akakataa, akiwa kazini haruhusiwi kupokea kitu. Nikatafsiri. Bibi akamtazama jinsi alivyokauka midomo, jua lile, na kinywaji anakataa, akahitimisha mwenyewe kwamba kijana amefunga. Akaiondoa bilauri haraka, akaifunika kwa upande wa kanga asimtamanishe, akamwombea Mungu aikubali funga yake. Sikujua nianzie wapi kutafsiri.

Yule kijana, sijui alielewa nini, akalegeza sauti. Akasema kuuza hapana, lakini mgeni akija kibarazani kwetu tukampa kinywaji, hilo halimhusu.

Bibi alifurahi ajabu. "Kumbe serikali yao ina adabu! Imekataza mgeni kuuziwa maji. Na mimi nilikuwa naona haya siku zote hizi." Tukahamishia meza kibarazani siku ile ile, na akapanga viti.

Hakuja mtu. Waliosimama tulipouza walipunga mkono tu tulipogawa bure. Nilijiuliza sana, na bado najiuliza, kwa nini mtu aogope cha bure kuliko cha kununua. Barafu iliyeyuka jagini, Bibi akaanza kuzikunja kanga zake na kuzipanga kwenye sanduku. Nilijua maana yake.

Mama alikuwa na hakika aliyetushtaki ni mama mzee mwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara, mjane aliyeishi peke yake, ambaye kila saa pazia lake lilicheza. Akamwonya Bibi amwepuke. Bibi akauliza, "Ina maana mtaa mzima, yeye ndiye anayetutazama?"

Akachukua jagi, akanishika mkono, tukavuka. Mlango ulifunguka kidogo, likaonekana jicho moja. Bibi akamwaga salamu zake zote, na mimi nikazifupisha. Yule mama alitazama jagi, akamtazama Bibi, akafungua. Alikunywa amesimama, kisha akakaa. Wakaongea kila mtu lugha yake, na baada ya muda wakaacha kunihitaji.

Kesho yake alivuka mwenyewe, jagi limeoshwa na limejaa nyanya za bustanini kwake, kwapani kiti cha kukunja. Kumbe ndicho watu walichongoja, kumwona mwenzao mmoja ameketi. Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Bibi akakaa mpaka siku ya mwisho aliyoruhusiwa kwenye pasipoti.

Mwaka uliofuata aliomba viza tena. Akahojiwa dirishani kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, akanyimwa, na sababu ya maana hakuambiwa. Siku tulipopata habari, yule mama wa ng'ambo alikuwa kibarazani kwetu, amekuja kuuliza mwenzake anafika lini. Nikamweleza. Akainuka.

"Nipe namba yao," akasema. "Kupigia simu watu wa serikali mimi naweza."

Uso ulimwiva kwa haya. Nilimwelewa, na yeye akaona nimemwelewa. Nikamletea namba.

Alipiga kwa simu yetu ya jikoni, amesimama, waya ukimzunguka kiuno. Kila aliyepokea, yeye alimweleza upya: anamtaka rafiki yake, jina la rafiki hawezi kulitamka, ila ni mtu mwema na anakaribisha watu. Walimhamisha huku na huku, wakamwekea muziki. Akarudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Bibi hakuja tena, akafia Tanga mimi nikiwa chuoni. Nyumba ya ng'ambo imeshauzwa, pale kibarazani hakai mtu, na nikipita Mesquite naona milango ya gereji tu.

Naisifu sheria mpya, watoto wauze. Lakini mwenzio bado nina swali, na sijapata wa kulijibu. Yule mama alipopiga simu kwa ajili ya ndimu, mtu wa serikali alikuja mpaka mlangoni. Alipopiga kwa ajili ya Bibi, mbona hakuja mtu?